Usiku wa dungu, asubuhi ya kengele

Mwanafunzi akisinzia darasani, wengi wetu tunamwita mvivu. Kabla hujamwita hivyo, hebu twende Nyamisati, bandari ya delta ya Rufiji ambako watu hupandia boti za Mafia. Historia ya huku inaonyesha usingizi wa kijana unaishia wapi.

Rufiji ni nchi ya mpunga, na mpunga una maadui: ndege mchana, nguruwe pori na viboko usiku. Ndiyo maana tangu zamani Warufiji hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo huko huko shambani, na familia ikahamia humo mpaka mavuno. Watoto nao hulinda. Kwa wavuvi, saa ni maji. Yakijaa leo saa nne, kesho yatajaa karibu na saa tano. Anayeishi hivyo hulala usingizi ukipatikana, hata mchana.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni kwenda vijiji vya Ujamaa, sehemu za juu zisizofikiwa na mafuriko. Shule ikawa karibu na nyumba, ila mashamba yakabaki kule kule bondeni. Kuanzia 2004, mpango wa MMES ukaeneza sekondari za kata nchini, nyingi zikiwa za kutwa. Hiyo ni neema kubwa kwa watoto wa maskini. Lakini za kutwa maana yake ni kutembea, na kijana anaamka gizani ili awahi namba. Tofauti na maji, kengele haibadiliki.

Sasa tuje kwenye sayansi. Mwaka 1976, Mary Carskadon na William Dement walianza kupima usingizi wa watoto na vijana katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ilidhaniwa kwamba mtoto akikua, usingizi anaouhitaji unapungua. Wapi! Vijana waliopewa nafasi ya kutosha waliendelea kulala saa tisa hivi, na waliofikia balehe walisinzia zaidi mchana hata baada ya kulala vizuri. Tafiti za baadaye zikaeleza jambo jingine: wakati wa balehe, melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala, huchelewa kutoka. Kijana anachelewa kusinzia bila kupenda.

California ilitunga sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika 2022: sekondari za juu, isipokuwa baadhi za vijijini, zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi.

Hili si suala la starehe. Ubongo hukaza yale uliyosoma wakati umelala, kwa hiyo anayenyimwa usingizi ananyimwa pia somo la jana. Mtoto aliyekesha akimfukuza kiboko wa mtoni, asubuhi anakutana na kiboko cha mwalimu. Mwalimu unayesoma hapa, kabla hujakishika, muulize kwanza: jana ulilala wapi, na saa ngapi?