Mirathi ya Uzazi, Wala Si Asili ya Kijenetiki

Imetufikia huku Machakos orodha ya istilahi za sayansi, kazi ya kamati ambayo sitaitaja jina, na ndani yake ile hesabu ya mafungu ambayo wataalamu huisoma katika mwili wa mtu ili wajue wazee wake walikuwa watu wa pande zipi imepewa jina la asili ya kijenetiki. Nilikwisha kuipelekea kamati hiyo, kwa maandishi na kwa adabu, neno nililoliona kuwa bora, nalo ni mirathi ya uzazi; sikuletewa jawabu, wala la kukubali wala la kukataa, na badala yake limechapishwa neno linalobatilisha elimu lililotumwa kuieleza. Kwa kuwa lugha ni mali ya umma, nalileta shauri hili mbele ya wasomaji.

Asili tumeipokea kwa Waarabu, ambao kwao asl ni shina la mti, lile lililoshika ardhi na ambalo matawi yote hulitegemea. Na wingi wake, usul, umekaa kwetu kama usuli. Katika Kiswahili neno hilo limezaa mengi: dawa za asili ni zile za jadi, ngoma za asili ni zile za kabla ya kuja wageni, mtu wa asili njema ni aliyetoka katika watu wema, na asilani ni neno la kukatalia kabisa. Katika maana zote hizo mna umoja: kitu huwa na asili moja, ya kwanza, na lililokuja baadaye huhesabiwa kuwa geni. Basi mtu akiambiwa kwamba asili yake ni thuluthi huku na thuluthi mbili kule, ama ataona anadanganywa, ama atachagua fungu moja na kuyatupa mengine. Ama hicho kijenetiki, kimeongeza uzito wa ulimi pasipo kuongeza maana.

Wako wengine, wenye hoja kuliko kamati, wanaopendekeza nasaba. Sina ugomvi na vinasaba, neno lililokwisha kuzoeleka mahakamani na hospitalini kwa ile dutu yenyewe ya urithi. Lakini nasaba ni mlolongo wa majina, fulani bin fulani, huhesabiwa kuumeni, kama Wakamba wanavyozihesabu mbai zao. Sayansi hii haina habari na majina. Kila mtu hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, ila wazazi hao hawamgawii kwa usawa kile walichopokea kwa wazee wao. Kwa hiyo ukipanda vizazi kumi au zaidi, utakuta mababu walio ndani ya nasaba yako kwa haki kabisa na ambao hawakukuachia hata chembe. Nasaba na jambo tunalolitafutia jina ni vitu viwili, na lugha iliyo tajiri haina sababu ya kuvivika kanzu moja.

Mirathi ina shina la Kiarabu lile lile lililotupa kurithi, urithi na warithi, lakini ina sifa ambayo ndugu zake hao hawanayo, kwa kuwa hutaja mali nzima pamoja na mgawanyo wake. Sharia ya mirathi ina mafungu sita yaliyotajwa katika Kurani, nayo ni nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mama ana fungu lake kama baba alivyo na lake, na mwenye sudusi ni mrithi kamili, haitwi mgeni. Hasimu mmoja alinikabili kwa kusema kwamba mirathi huja baada ya mauti, ilhali vinasaba hupokewa mimba inapotungwa. Hoja hiyo haisimami, maana twasema mtoto amerithi macho ya mama yake naye mama yu hai. Na fauka ya hayo, niliongeza ya uzazi makusudi, ili mirathi hii itengwe na ile ya mashamba na nyumba.

Faida ya neno hili ni bayana pwani. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya, na David Reich wa Harvard walikuwa miongoni mwa viongozi wake, juu ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani, ikiwamo Manda, Mtwapa na Kilwa, kati ya 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara. Ilidhihirika kwamba watu wa Afrika na wa Asia walianza kuchanganya uzazi huko yapata mwaka 1000. Kwamba wengi wa marehemu wale walipata zaidi ya nusu ya vinasaba vyao kwa Waafrika, aghalabu wanawake. Na kwamba katika sehemu iliyotoka Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, hata baada ya 1500 fungu la Arabuni likazidi kukua. Basi wazee wa Kilwa waliopokezana habari za wana wa Shirazi walisema kweli katika nasaba, kwa kuwa nasaba ni ya kuumeni. Na wale waliowajibu kwamba Mswahili ni Mwafrika walisema kweli katika mirathi, kwa kuwa fungu kubwa lilitoka kuukeni. Liweke neno asili mahali hapo, na mmoja kati yao sharti awe mwongo.

Wala si pwani peke yake. Kilima cha Lukenya, katika kaunti yetu hii, ni miongoni mwa mahali palipofukuliwa mifupa ya wafugaji wa kale, na utafiti wa 2019 katika jarida la Science ulionyesha kwamba mirathi ya wafugaji wa namna hiyo, ikigawanywa kwa matano, takriban mafungu mawili yalifanana na ya watu wa Sudani, mawili na ya watu wa Afrika Kaskazini na Sham, na moja na ya wawindaji waliowatangulia. Hata kwa Waingereza, kizazi cha wakulima waliosimamisha mawe ya Stonehenge kilibakiza kama fungu moja kwa kumi baada ya watu wa vyungu vya Beaker kuvuka bahari, yapata mwaka 2450 kabla ya Kristo, kisha wakaja Waanglo na Wasaksoni juu yao. Kamati itoke ituonyeshe lipi hapo ndilo shina.

Kulitumia si taabu: semeni mirathi ya kuumeni, mirathi ya kuukeni, fungu la mirathi. Kamati ikiwa na hoja ya kulishinda neno hili, na iiandike na kuitangaza, nami nitaijibu. Ikiwa haina, na ilifute lile lake kabla halijaingia katika vitabu vya shule, maana mtoto atakayefundishwa kwamba ana shina moja atafundishwa papo hapo kuwakana wazee wake wengine.