Namna salama ya kutundika kioo kizito cha rangi nyumbani

Kioo cha rangi cha aina ionekanayo katika madirisha ya makanisa huundwa kwa vipande vilivyounganishwa kwa mikanda ya madini ya risasi. Kioo chenye unene wa milimita 3 kina uzito wa kilo 7.5 kwa kila mita ya mraba, na risasi huuzidisha uzito huo.

Mahali dhaifu zaidi ni ukingo. Risasi ni laini. Kulabu iliyolehemiwa pembeni hung'oka taratibu pamoja na mkanda wenyewe, na kioo huweza kuanguka siku ambayo hakuna aliyekigusa. Ndiyo maana mafundi hukizungushia fremu ya mbao ngumu au ya zinki, na kulabu zikafungwa kwenye fremu hiyo.

Minyororo miwili inyooke wima, kwani kamba moja yenye umbo la pembetatu huzivuta pembe kuelekea ndani. Skrubu ziingie katika boriti au zege, si katika lipu tupu. Uzi wa nailoni, ingawa hupendwa kwa kuwa hauonekani, hudhoofishwa na jua. Kioo kikubwa mno ni afadhali kikae juu ya kizingiti cha dirisha, kikiwa kimekazwa juu.

Aliyeshika risasi anawe mikono kabla ya kula, na watoto wasiiguse, kwa kuwa ni sumu.