Kuyu Ni Shada la Maua

Wataalamu wa mimea wana neno sikoniamu, wanalolitumia kwa kile ambacho sisi wengine tunakiita tunda la mkuyu au tunda la mtini. Wanalihitaji kwa sababu kuyu, kwa kanuni za botania, si tunda. Ni shada la maua. Pasua kuyu changa kwa kisu, litazame kwa kioo cha kukuzia: utaona ukuta mnene na, upande wa ndani, mamia ya maua madogo yamebanana yakielekea kwenye uwazi wa katikati. Ndiyo maana hakuna anayeuona mkuyu ukichanua. Unachanua, ila maua yake hayatoki nje.

Kwa mkazi wa Dodoma au Singida njia fupi ya kulielewa umbo hili ni alizeti. Kichwa cha alizeti ni maua mengi yaliyokaa juu ya kitako kimoja kipana, na kila punje imetokana na ua lake. Chukua kichwa hicho, kunja kingo zake kuelekea juu mpaka zikutane na kubakiza kitundu tu. Maua yamefungiwa ndani, kitako kimekuwa ukuta wa nje. Na zile chembe tunazoziita mbegu za kuyu, zinazokwaruza meno, kila moja ni tunda kamili lenye mbegu yake. Aliyekula kuyu moja amekula matunda mamia.

Mkuyu hauko peke yake katika tabia hii ya kukusanya maua. Jamii yake, ambayo kwa Kilatini ni Moraceae, inajumuisha mforosadi, mfenesi, mshelisheli na mvule, na mingi kati ya mimea hiyo hutoa utomvu mweupe ukiikata, kama ule ambao watoto hutengenezea ulimbo wa kunasia ndege. Forosadi ni maua mengi yaliyozunguka kijiti kimoja kwa nje, kila ua likanenepa na kujaa maji. Katika fenesi, kila kokwa lenye nyama ya njano limetokana na ua moja, na zile nyuzi tunazozitupa ni maua ambayo hayakupata chavua. Kisha kuna mimea midogo ya jenasi ya Dorstenia, inayopatikana katika misitu ya pwani na ya milima ya mashariki mwa Tanzania, ambayo maua yake yametandazwa juu ya kisahani kilicho wazi. Mwalimu mwenye forosadi, Dorstenia na kuyu mezani anaweza kufundisha jamii nzima bila mchoro: maua nje, maua juu, maua ndani.

Msafiri anayepita Dodoma huikumbuka mibuyu, kwa kuwa inasimama uwandani macho yote yaione. Mikuyu inabidi kuifuata kwenye makorongo na kando ya mito ya mchanga, kule ambako watu na ng'ombe huyafuata maji ya kiangazi kwa kuchimba. Mvua ya Ugogo, yaani nchi hii ya Dodoma, huanza Desemba ikaisha Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600 tu. Lakini mkuyu wenye mizizi iliyofikia maji ya chini huweza kuzaa hata miezi ambayo miti mingine imepukutika, makuyu yakiwa yamejazana kwenye matawi manene na hata kwenye shina lenyewe. Hondohondo, njiwa, popo, tumbili na mbuzi wa kijijini wote hula hapo. Ukiifuata barabara ya Dodoma kupitia Kondoa na Babati hadi Arusha utapita Makuyuni, na jina linajieleza.

Kuzaa huko kunategemea mdudu ambaye wengi hawajawahi kumtazama. Ni nyigu mweusi wa milimita mbili hivi, Ceratosolen arabicus. Jike huingia kuyu changa kwa kitundu cha nchani kilichozibwa na magamba, na mara nyingi mabawa yake hukatikia hapo. Ndani hutaga mayai kwenye maua yenye shingo fupi, na kuyapaka chavua maua yenye shingo ndefu, ambayo yai haliwezi kuyafikia. Kisha hufa humo humo. Wiki kadhaa baadaye madume, ambayo hayana mabawa, hutangulia kutoka kwenye maua, huwapanda majike, hutoboa njia ya kutokea, na maisha yao yameishia hapo. Majike huchota chavua kutoka maua dume yaliyokomaa wakati huo huo, huitia katika vifuko vya kifuani, kisha huruka kutafuta mkuyu mwingine wenye makuyu machanga. Mwaka 1968 Jacob Galil na Dan Eisikowitch wa Israel walichapisha utafiti wao juu ya uchavushaji wa mkuyu katika Afrika Mashariki, na mengi tunayoyajua kuhusu ndoa hii yalianzia kwenye kazi yao. Mwaka 2009 vipimo vya vinasaba katika jangwa la Namib vilionyesha kwamba nyigu huyo hubeba chavua kwa wastani wa karibu kilomita 90, akisaidiwa na upepo. Kwa nchi kame ambayo mikuyu yake imetawanyika korongo moja hadi jingine, hilo ni jambo kubwa.

Misri ya kale ilikuwa na mkuyu bila mchavushaji wake. Wakulima waliupanda kwa vipande vya matawi, na kila kuyu walilichanja kwa kisu, kwa kuwa jeraha hulifanya litoe gesi ya ethilini na kuiva. Kazi kama hiyo ndiyo inayodhaniwa kuwa ya nabii Amosi, aliyesema kwamba alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Biblia ya Kiswahili inampandisha Zakayo juu ya mkuyu, na mahali pengine inautaja mtini, bila kuichanganya miti hiyo miwili.

Sasa turudi kwenye istilahi. Sikoniamu limetokana na sykon, neno la Kigiriki lenye maana ya tini. Hakuna elimu nyingine iliyofichwa ndani yake. Wataalamu walilichukua jina la chakula kilichouzwa sokoni, wakalipa maana ya kitaalamu. Nasi tuna jina la aina hiyo hiyo, tunalolitumia kila siku, na kulitia neno la Kigiriki irabu mwishoni hakumwongezei mwanafunzi wa Mpwapwa au Kondoa kitu chochote. Napendekeza kwa moyo wote kwamba istilahi iwe kuyu, wingi makuyu.

Atakuja mtu kusema kuyu ni la mkuyu tu, na mtini una tini. Ni kweli kwa lugha ya sokoni, wala haina haja ya kubadilika. Katika botania tini litakuwa kuyu la mtini, kama vile mtuba wa Buganda, unaotoa nguo ya gome, nao una makuyu yake. Jenasi ya Ficus ina spishi zaidi ya 700 duniani, na zote zina umbo hili. Kuchagua tini kungekuwa karibu zaidi na Kigiriki, lakini kwa wengi wetu tini ni tunda lililokaushwa linaloletwa kutoka ng'ambo. Mwanafunzi anatakiwa aweze kwenda korongoni akaiokote istilahi yake, aipasue, aone.

Kamusi ingeweza kuandika hivi: kuyu, shada la maua lenye kitako chenye nyama kilichojifunga pande zote, maua yakiwa ndani, na lenye kitundu kimoja nchani. Kitundu hicho nacho kinataka jina. Kwa Kilatini kinaitwa ostiolum, yaani mlango mdogo, na Kiswahili kimeshalitengeneza neno hilo kwa kanuni zake chenyewe: kilango.