Dereva wa Lori na Dhana ya Kipokezi cha Mwafrika

Tangu mwaka 2020 kuna dai linalorudiwa makongamanoni, redioni na hata katika baadhi ya majarida: kwamba UVIKO-19 haikuua barani Afrika kama ilivyoua Italia au Marekani kwa sababu ACE2 ya Mwafrika, yaani protini ya juu ya seli ambayo virusi hushikamana nayo, ni haba au ina umbo lisilovifaa virusi. Dai hili lina ndugu yake wa mitaani, lile la kwamba ngozi nyeusi haishikwi na korona. Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Kenya tarehe 13 Machi 2020, ilimbidi asisitize kuwa mgonjwa huyo ni Mwafrika kama sisi. La mitaani limekwisha. La maabara bado linatembea na joho la kitaaluma, nami nadai hapa kwamba linaangushwa na madereva wa malori wanaolala Mlolongo, nchini Kenya.

Kuhusu namna virusi vinavyoingia, wataalamu hawagombani sana, kwa hiyo sitakawia hapo. Mwiba wa SARS-CoV-2 ni protini tatu zilizosukana, na kila moja ina sehemu mbili: S1, ambayo hushika ACE2, na S2, ambayo huunganisha utando wa kirusi na utando wa seli. S2 haifanyi kazi mpaka ikatwe. Katika seli za pua na mapafu, kimeng'enya kiitwacho TMPRSS2 huikata palepale juu ya seli. Kisipokuwapo, kirusi humezwa ndani ya kifuko, na kathepsini L huikata humo. (Klorokwini iliwapotosha wengi kwa sababu hiyo hiyo: iliziba njia ya kifuko katika seli za figo la tumbili, zisizokuwa na TMPRSS2 ya kutosha, lakini katika seli za mapafu ya binadamu haikuzuia kitu.)

Wanaoshikilia dai la ACE2 wana mfano mmoja wenye nguvu, na ni haki kuutaja. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na antijeni ya Duffy kwenye chembe nyekundu za damu hawashikwi kwa urahisi na malaria ya Plasmodium vivax, na Waafrika wengi wa magharibi na kati hawana antijeni hiyo. Kumbe kipokezi kinaweza kukinga watu wa eneo zima. Lakini tazama kinga hiyo iliacha alama gani: vivax yenyewe ni nadra katika maeneo hayo. Kipokezi kikikosekana, maambukizi ndiyo hukosekana, si makali yake pekee. Alama ya namna hiyo ndiyo tunayopaswa kuitafuta kwa korona.

Mlolongo uko kaunti ya Machakos, kwenye barabara kuu ya Mombasa karibu na Athi River, pale matrela yanapopita mizani yakielekea Nairobi, Malaba na Busia. Dereva na taniboi wake hukaa ndani ya kabini moja siku nyingi mfululizo. Hula vibandani, hulala loji au humo humo garini. Serikali ilipofunga Nairobi na viunga vyake Aprili 2020, mizigo iliruhusiwa kupita. Mwezi huo huo Uganda ikaanza kuwapima madereva mpakani, na foleni ya Malaba ikarefuka kwa makumi ya kilomita. Kama kuna kundi la Wakenya lililokutana na virusi mapema na mara nyingi, ni hili.

Oktoba 2020, watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust na wenzao walipima damu ya madereva wa malori na wasaidizi wao. Asilimia 42.3 walikuwa na kingamwili za IgG dhidi ya mwiba. Miezi michache kabla, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, makadirio kwa wachangiaji damu wa nchi nzima yalikuwa asilimia 4.3. Chanjo ilikuwa haijafika. Shehena ya kwanza ilitua Nairobi Machi 2021. Kwa hiyo kingamwili hizo zilikuwa na chanzo kimoja tu cha kawaida, nacho ni virusi vilivyoingia ndani ya seli na kuzaliana. Kingamwili ni kama stakabadhi ya mizani: haisemi lori liliharibu nini mbele ya safari, ila inathibitisha kwamba limepita.

Weka kando ya takwimu hiyo matokeo ya wahudumu wa afya waliopimwa katika nusu ya pili ya mwaka huo huo: Nairobi asilimia 43.8, Kilifi asilimia 11.5. Tofauti ya karibu mara nne ndani ya nchi moja haielezeki kwa umbo la ACE2. Inaelezeka kwa msongamano na kukutana na wagonjwa. Kufikia robo ya kwanza ya 2021, makadirio ya wachangiaji damu yalikuwa yamepanda hadi asilimia 48.5. Idadi ya watu haibadilishi jeni zake katika miezi tisa.

Watasema sampuli ya madereva haikuwa ya nasibu. Sawa, haikuwa, wala sihitaji iwe. Sidai kwamba Wakenya asilimia 42 walikuwa wameambukizwa. Nadai kwamba Wakenya waliokutana na virusi vya kutosha waliambukizwa kama wengine. Watasema pia kwamba kingamwili hizo huenda zilitokana na virusi vya korona vya mafua ya kawaida, maana sampuli za Tanzania na Zambia za kabla ya janga zilionyesha mwingiliano. Lakini mwingiliano huo ulijitokeza zaidi kwenye protini ya nukleokapsidi, si kwenye mwiba, na kipimo kilichotumiwa Kenya kilijaribiwa kwanza kwa sampuli 910 za Kilifi za kabla ya janga: karibu asilimia 99 hazikuonyesha kitu.

Na hapa wapinzani wanajikwaa wenyewe. Kimoja cha virusi hivyo vya mafua, NL63, kilichotambuliwa Uholanzi mwaka 2004, huingia kwa ACE2 ile ile, nacho kimepatikana Kilifi kwa miaka mingi kabla ya 2020. Mlango unaodaiwa kufungwa umekuwa ukipitiwa na jamaa wa SARS-CoV-2 muda wote. Ama tofauti za ACE2 zilizoorodheshwa kwa watu wenye asili ya Afrika, mfano S19P, ni adimu mno kubeba mzigo wa bara zima, na baadhi ya vipimo vinaonyesha kwamba hiyo S19P huongeza mshiko badala ya kuupunguza.

Swali la makali ya ugonjwa naliacha mahali pake: umri wa kati wa Mkenya ni karibu miaka 20, na utafiti wa mochari ya Lusaka wa 2020 ulionyesha kuwa wengi waliokufa na virusi hawakuwahi kupimwa wakiwa hai. Sisemi hayo mawili yanamaliza swali. Nasema yanatosha kutufanya tusikimbilie jeni. Watafiti wa Marekani walikimbilia huko kwa upande wa pili, wakaripoti TMPRSS2 nyingi zaidi katika pua za watu weusi kana kwamba inaeleza vifo vyao. Hoja inayoweza kueleza vifo vingi New York na vichache Machakos kwa asili ile ile ya watu haielezi chochote.

Gharama ya dai hili ni ya mbele. BtKY72, kirusi cha ukoo wa SARS kilichopatikana kwa popo wa Kenya mwaka 2007, hakishiki ACE2 ya binadamu. Lakini mwaka 2022 Tyler Starr na wenzake walionyesha kwamba mabadiliko mawili tu ya asidi amino yanatosha kukiwezesha. Nchi inayojiamini kwa kipokezi chake haitakuwa na sababu ya kutafuta mabadiliko hayo mapema. Kupima kingamwili na virusi pale mizani ya Mlolongo kila robo mwaka, kwa hiari ya madereva na bila kuwazuia barabarani, nadhani kungegharimu kidogo kuliko ile foleni ya Malaba.