Kamba za kuwindia mtini

Kamba za kuwindia mtini ni kamba za usalama ambazo mwindaji hutumia kupanda mti na kujifunga kwenye shina anapomvizia mnyama kutoka juu. Uwindaji wa namna hii ni wa kawaida nchini Marekani na Kanada, hasa kwa wanaowinda kulungu mkia-mweupe kwa upinde. Mwindaji hukaa mita kadhaa juu ya ardhi, hivyo kamba ikikatika anaweza kufa au kuvunjika mgongo. Kamba huzeeka hata isipotumika, na uzee wake hauonekani kwa macho kila mara. Kwa hiyo uamuzi wa kuibadilisha hutegemea mambo matatu: hali yake, historia yake na umri wake.

Aina na muundo

Wawindaji wengine hukaa kwenye jukwaa dogo lililofungwa mtini, wengine hutumia tandiko, yaani mkanda mpana wa kitambaa unaozunguka nyonga na mapaja. Mwenye tandiko huwa na kamba tatu. Ya kwanza huzungushwa kwenye shina wakati wa kupanda, kama wafanyavyo mafundi wa nguzo za umeme. Ya pili hufungwa kwenye shina karibu na usawa wa kichwa, na ndiyo inayombeba akiwa anavizia. Ya tatu ni fupi na huunganisha pande mbili za tandiko mbele ya kiuno.

Urefu wa kamba hurekebishwa kwa kishikio cha metali au kwa uzi mnene uliofungwa fundo la msuguano. Fundo linalojulikana zaidi ni la Prusik, lililopewa jina la Karl Prusik wa Austria aliyelieleza mwaka 1931.

Kamba nyingi za kisasa zina kiini kinachobeba sehemu kubwa ya uzito, na ganda la nyuzi zilizosukwa linalokilinda. Muundo huu ulianzishwa na kampuni ya Edelrid ya Ujerumani mwaka 1953. Kiwango cha Ulaya EN 1891 kinataka kamba ya aina A isiyonyumbuka sana ihimili angalau kilonyutoni 22, yaani takriban uzito wa kilogramu 2,200. Kipimo hicho ni cha kamba mpya isiyo na fundo. Mafundo na uchakavu hupunguza nguvu hiyo.

Sababu za kuchakaa

- Jua: miali ya urujuanimno hudhoofisha nyuzi za nailoni na poliesta. Kamba iliyoachwa mtini msimu mzima huzeeka haraka kuliko iliyohifadhiwa ndani.
- Msuguano: gome la mti husugua ganda. Fundo nalo hukaa karibu mahali palepale kila safari, hivyo uchakavu hukusanyika kwenye kipande kifupi. Vishikio vyenye meno huweza kuchana ganda.
- Joto: fundo likiteleza kwa kasi huweza kuunguza nyuzi. Polietilini ya nguvu nyingi huyeyuka karibu na nyuzijoto 150, ilhali nailoni huyeyuka juu ya 200.
- Kemikali: asidi ya betri huharibu nailoni, wakati mwingine bila kuacha alama. Kamba isiwekwe karibu na betri ya gari.
- Maji na mchanga: nailoni iliyolowa hupungua nguvu hadi ikauke. Chembe za mchanga zikiingia ndani hukata nyuzi polepole.
- Wanyama: panya na kindi hutafuna kamba zilizoachwa msituni au ghalani.

Ukaguzi

Kamba hukaguliwa kabla ya msimu na kabla ya kila kupanda. Mkaguzi huipitisha yote mkononi polepole, akiangalia na kupapasa. Kisha huikunja kitanzi kidogo, sehemu baada ya sehemu. Kamba nzima hutoa mviringo laini. Mahali inapojikunja kwa pembe kali, kiini huenda kimeharibika. Mishono ya ncha na sehemu inayokaa ndani ya fundo huhitaji uangalifu zaidi.

Manyoya mepesi juu ya ganda ni ya kawaida na si dalili ya hatari. Rangi iliyofifia huonyesha kwamba kamba imekaa juani muda mrefu.

Wakati wa kubadilisha

Kamba huachwa mara moja ikiwa:

- kiini kinaonekana, au ganda limekatika au kuteleza juu ya kiini;
- kuna uvimbe, mahali palipobonyea, palipolegea au palipokakamaa;
- kuna sehemu inayong'aa na ngumu kwa kuungua;
- imegusana na asidi au kemikali isiyojulikana;
- imezuia anguko kubwa;
- historia yake haijulikani, kwa mfano imenunuliwa ikiwa imetumika.

Kamba isiyo na kasoro pia ina mwisho. Kila mtengenezaji hutaja muda wake kwenye maelezo ya matumizi. Petzl ya Ufaransa, kwa mfano, huweka kikomo cha miaka 10 tangu kutengenezwa kwa bidhaa zake za nguo na plastiki. Matumizi mazito hufupisha muda huo sana. Uzi wa fundo la msuguano huchakaa mapema kuliko kamba yenyewe, na kwa kuwa bei yake ni ndogo hubadilishwa mara nyingi zaidi. Kuandika tarehe ya kununua na ya kuanza kutumia huondoa kubahatisha.

Kamba iliyoachwa hukatwa vipande vifupi kabla ya kutupwa, ili mtu mwingine asiiokote na kuipandia.

Tazama pia

- Fundo
- Nailoni
- Upinde
- Uwindaji