Kukagua paa kwa droni: jinsi ya kuliona bati bila kulipanda

Paa ndilo sehemu ya nyumba ambayo mwenyewe huiona mara chache, nalo ndilo la kwanza kupigwa na upepo. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, wengi hugundua kuwa paa limechoka siku maji yanapodondokea kitandani. Hapo mtu huchukua ngazi na kupanda haraka, bati likiwa bado limelowa. Makala hii inaeleza jinsi droni, ambayo pia huitwa ndege nyuki, inavyoweza kulikagua paa kabla mtu hajapanda, sheria inataka nini, na la kufanya kama kijijini hakuna droni.

Kwa nini paa la pwani huchoka mapema

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Mara nyingi kutu huanza kwenye tundu la msumari, kwenye ncha ya bati iliyokatwa, na pale bati moja linapolalia jingine, kwa sababu unyevu hukaa hapo muda mrefu. Bati linaweza kung'aa katikati huku misumari yake imekwisha kuliwa.

Upepo nao una namna yake. Unapopita kwa nguvu juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia chini ya upenu hulisukuma kutokea ndani. Nguvu hiyo huwa kubwa zaidi kwenye pembe, kwenye kingo na kwenye kofia ya paa. Ndiyo maana bati la pembeni likilegea, mengine hufuata.

Vimbunga si vingi pwani yetu, lakini vimewahi kufika. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na mvua iliyoambatana nacho ilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Barabara ikikatika, bati jipya halifiki na fundi wa mbali hafiki. Paa lililokaguliwa mapema ndilo linalomsaidia mtu siku kama hiyo.

Hatari ya kupanda

Anayepanda juu ya bati huweza kuteleza, kukanyaga palipoliwa na kutu, au kukanyaga katikati ya papi mbili pasipo na mbao ya kumbeba. Mapaa ya asbesto, ambayo bado yapo kwenye baadhi ya majengo ya zamani, ni hatari zaidi. Hupasuka ghafla chini ya mguu, na vumbi lake hudhuru mapafu. Paa la asbesto lisipandwe, lisikwanguliwe wala kuvunjwa na mtu asiye na ujuzi na vifaa vya kazi hiyo.

Faida kubwa ya droni ni kupunguza idadi ya mara ambazo mtu hulazimika kupanda. Fundi akishaona kwenye picha kwamba tatizo liko pembe ya kusini, hupanda mara moja tu, akiwa na bati na misumari inayotosha, na anajua pa kutokanyaga.

Droni inaona nini, na haioni nini

Droni ndogo yenye kamera nzuri huonyesha kutu, matundu, bati lililoinuka, kofia iliyosogea, misumari iliyotoka, majani yaliyoziba mfereji wa maji, na makuti yaliyooza au kuliwa na upepo.

Haioni kilicho chini. Mchwa ndani ya kenchi, mbao iliyooza na papi iliyopasuka havionekani kutoka angani. Kwa hiyo ukaguzi wa droni uende pamoja na ukaguzi wa ndani. Mchana, simama ndani ya nyumba na utazame juu: mwanga unaopenya ni tundu. Tafuta alama za maji kwenye mbao na kutani. Gonga mbao unazozifikia. Inayotoa sauti ya uwazi huenda imeliwa na mchwa.

Vibali kabla ya kurusha

Tanzania, droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kwa kanuni za mwaka 2018. Droni husajiliwa, na anayeirusha huhitaji kibali. Kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa pia huhitajika. Kama unamkodi mtu, mwambie akuonyeshe vibali vyake kabla ya kumlipa. Kuwa na droni mkononi si ruhusa ya kuirusha.

Kuna maeneo yanayohitaji tahadhari ya pekee: karibu na viwanja vya ndege, kama cha Kilwa Masoko na cha Kikwetu, Lindi, na karibu na mitambo ya gesi ya Songo Songo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara nayo ni urithi wa dunia unaolindwa. Usirushe droni maeneo hayo bila ruhusa ya wanaohusika.

Uani kwa jirani

Kamera iliyo angani huona zaidi ya paa. Huona ua, bafu lisilo na paa, na watu waliopumzika kwao. Kwa desturi ya pwani, uani ni mahali pa staha, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 nayo inamlinda mtu asichukuliwe taarifa zake ovyo. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa majirani siku moja kabla, ukitaja saa. Elekeza kamera kwenye paa lililokubaliwa tu. Picha yenye ua wa mtu ifutwe au ikatwe kabla ya kutumwa kwa yeyote.

Siku ya kazi

Rusha asubuhi mapema, upepo ukiwa bado mdogo. Droni nyingi ndogo huyumba upepo ukikaribia kilomita 36 kwa saa, na betri moja hudumu kwa kawaida dakika 20 hadi 30. Kwenye upepo huisha mapema zaidi. Usirushe kwenye mvua.

Kabla ya kuruka, zunguka nyumba kwa miguu. Angalia nyaya za umeme, minazi, waya wa kuanikia nguo na antena. Kunguru na mwewe huweza kuishambulia droni. Wakianza kuizunguka, ishushe. Weka watoto mbali na mahali pa kurukia na kutulia. Mtu wa pili asimame karibu na rubani, akiitazama droni yenyewe wakati rubani anatazama kioo. Isiruke juu ya vichwa vya watu, na isipotee machoni.

Bati jipya huakisi jua na kuiharibu picha. Asubuhi, au siku yenye mawingu mepesi, kutu huonekana vizuri kuliko saa sita mchana.

Picha zinazohitajika

Piga picha moja ya paa lote kutoka juu moja kwa moja. Kisha piga nne za pembeni, moja kwa kila upande, kamera ikiwa imeinama. Baada ya hapo sogea taratibu na upige kofia yote, pembe zote, kingo, na pale mapaa mawili yanapokutana. Bakiza mita kadhaa kati ya droni na paa. Mwisho, piga kwa karibu kila palipo na dosari. Mwaka unaofuata rudia picha zilezile kutoka upande uleule, ili uone kilichobadilika.

Kutunza kumbukumbu

Andika pamoja na picha tarehe, kitongoji, jina la mwenye nyumba, aina ya paa na dosari zilizoonekana. Weka nakala mbili: moja kwenye simu, nyingine kwa ndugu au kwenye kadi ya kumbukumbu. Paa likiezuliwa, picha ya kabla na ya baada huwasaidia viongozi wa kijiji na kamati ya usimamizi wa maafa kuandika hasara iliyo ya kweli. Asiye na picha hubaki na maneno matupu.

Visiwa vya Zanzibar vimeonyesha kuwa kazi ya namna hii inawezekana kwa watu wa hapa. Kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni chini ya Kamisheni ya Ardhi, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wakashiriki kurusha. Kijiji au chama cha ushirika kinaweza kukodi rubani mmoja mwenye vibali na kukagua nyumba nyingi kwa siku moja, pamoja na shule na zahanati, badala ya kila nyumba kujitegemea.

Kama hakuna droni

Funga simu kwenye ncha ya mwanzi mrefu, washa video, kisha iinue taratibu ukizunguka nyumba. Kaa mbali kabisa na nyaya za umeme. Unaweza pia kusimama mahali palipoinuka na kuvuta picha karibu kwa kamera ya simu. Huoni kila kitu, lakini pembe na kofia utaziona.

Wakati mzuri wa kukagua

Lindi hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Novemba hadi Aprili. Kagua Septemba au Oktoba, ili ubaki na muda wa kununua bati na kumpata fundi. Kagua tena baada ya upepo mkali wowote. Mkiona bati la pembeni limeinuka, lipigiliwe wiki hiyohiyo: msumari upite kwenye mgongo wa bati, usiwe kwenye bonde lake ambako maji hupita.