Ua Bila Jina: Stori ya Maua Makavu na Paka Wangu

Paka wangu anaitwa Chapo, na mwaka jana nusura nimuue na sanaa.

Binamu yangu alihitimu chuo, akapewa shada kubwa la maua, na venye hakuwa na mahali pa kuliweka akanipea mimi. Mimi nikaona kontenti hapo. Nikachagua maua mazuri, nikayabana katikati ya vitabu vyangu vya sekondari, nikayaacha yakauke ili baadaye niyatie kwenye fremu. Asubuhi moja nikapata kitabu kimefunguka chini ya meza, petali zimetafunwa, na Chapo anatapika. Daktari wa wanyama aliniuliza swali moja tu: "Hilo ua linaitwaje?" Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha picha kwa simu. Akaitazama sekunde tatu, akasema ni lili, na saa hiyo hiyo Chapo akawekewa dripu. Alilala huko siku tatu. Alipona, lakini pesa ya renti iliishia hapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya maua makavu. Nilidhani ni kitu cha juzi, cha mtandaoni. Kumbe hii kazi ina karibu miaka 500, na waanzilishi wake wangetuchapa viboko.

Turudi Italia, karne ya 16. Kulikuwa na daktari na mwalimu anaitwa Luca Ghini, alifundisha Bologna kisha Pisa. Wakati huo dawa nyingi zilitoka kwa mimea, kwa hivyo mwanafunzi wa udaktari alilazimika kuijua kwa macho. Shida ni kwamba baridi ikiingia, mimea mingi hunyauka. Utasomesha na nini? Ghini anatajwa kuwa mtu aliyeeneza mbinu ya kubana mimea kati ya karatasi hadi ikauke, kisha kuigandisha kwenye kurasa za kitabu. Wakaiita bustani kavu. Mkusanyo wake mwenyewe haukubaki, lakini mwanafunzi wake, Andrea Cesalpino, alitengeneza wa kwake mwaka wa 1563, na hadi leo uko Florence.

Sasa fikiria kwa nini walijisumbua hivyo. Mimea miwili inaweza kufanana kama pacha, mmoja ukatibu na mwingine ukaua. Karatasi ile ilikuwa ushahidi. Ndiyo maana kazi hii ilijenga sheria yake: mmea ukikaushwa, unaandikiwa jina, na baadaye ikaongezwa ulikotoka, tarehe na nani aliuchuma.

Na usidhani ni mambo ya wazee pekee. Miaka ya 1840 huko Massachusetts, Marekani, tineja mmoja alibana mimea 424 kwenye albamu yake, na mingi akaiandikia majina ya Kilatini kwa mkono. Huyo alikuwa Emily Dickinson, ambaye dunia ilikuja kumjua kama mshairi. Albamu iko Chuo Kikuu cha Harvard. Majina mengine alikosea, sawa, lakini alijaribu. Mimi nikiwa na intaneti mkononi sikujaribu hata moja.

Hapa kwetu pia stori iko. Mwaka wa 1902 Wajerumani walianzisha hebaria, yaani maktaba ya mimea mikavu, pale Amani kwenye milima ya Usambara, Tanzania ya leo. Mwaka wa 1950 ikahamishiwa Nairobi. Ni ile iliyo kwenye Makavazi ya Kitaifa, na ina takriban mimea milioni 1. Wengi wetu tumepita hapo na trip ya shule, tukaangalia mifupa na nyoka, tukarudi kwa basi. Hatukujua kuwa kuna makabati yamejaa mimea ya Afrika Mashariki, kila karatasi na lebo yake.

Lakini tusiwafanye hawa watu malaika. Wadudu hupenda mimea mikavu, kwa hivyo kwa miaka mingi hebaria za dunia zilipaka karatasi zao sumu, hasa kemikali za zebaki na aseniki. Hadi leo wafanyakazi hushika karatasi za zamani kwa tahadhari. Siku hizi hebaria nyingi huua wadudu kwa kugandisha mimea kwenye baridi kali. Hiyo ni somo la bure kwako: ukiogopa wadudu, funga maua yako makavu kwenye mfuko usiopitisha hewa, uyaweke friza siku kadhaa. Usipulizie dawa ya wadudu. Nyingi zina permethrin, na hiyo kwa paka ni sumu mbaya.

Sasa turudi kwa Chapo. Kilichoniuma zaidi ni kujua kuwa jina lingemwokoa. Na hapo "lili" pekee haitoshi. Muuza maua anaweza kukuitia lili vitu vitatu tofauti. Kuna lili halisi, jina lake la kisayansi ni Lilium. Hiyo pamoja na ndugu wa hatari sawa, Hemerocallis, huharibu figo za paka. Petali, jani, chavua aliyoilamba kwa manyoya, hata maji ya chombo, yote ni hatari, na figo zinaweza kufeli ndani ya siku tatu. Kuikausha hakuondoi sumu. Halafu kuna ile ya ndani ya nyumba yenye ua jeupe moja kama kijiko, Spathiphyllum: hiyo humchoma paka mdomo na kumfanya atoe mate, lakini figo haiguzi. Halafu kuna Alstroemeria, inayojaa kwenye mashada ya Nairobi, ambayo inaweza kumsumbua tumbo kidogo tu. Jina moja la mtaani, hatari tatu tofauti. Ghini angeelewa hii shida mara moja.

Madaktari wa wanyama wenyewe walianza kuandika kuhusu lili na figo za paka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hivyo elimu ipo, ni sisi tumeichomoa kwenye sanaa. Tumebaki na urembo, lebo tukatupa.

Msimamo wangu ni huu: kama nyumba yako iko na paka, usibane ua usilolijua jina. Lili, tulipu, dafodili, olianda na krisanthemumu, ziache. Waridi liko sawa, na Kenya waridi hatukosi. Alizeti na jabera pia ziko sawa. Na kuna ua dogo la zambarau, violeti ya Afrika. Ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya mwaka wa 1892 akilitoa Usambara, milima ile ile ya Amani. Leo linauzwa dunia nzima na halina sumu kwa paka. Ua letu, salama, na bado tunakimbilia lili.

Ukimaliza, fremu iwe ya kioo, nyuma izibwe vizuri, itundikwe mahali paka haruki. Usipake mafuta ya kunukia, kwa sababu mengi yao ini la paka haliwezi kuyasafisha. Na kila karatasi inayosubiri kukauka ikae kwenye droo inayofungwa, si kwa kitabu chini ya meza kama mimi.

Mimi sasa nyuma ya kila fremu naandika mambo manne: jina, mahali, tarehe, aliyechuma. Ya kwanza niliyotundika inasema: waridi, shada la soko la City Park, Machi, mimi. Chapo huketi chini yake akilitazama. Siku ile daktari atauliza tena "hilo ua linaitwaje?", nitageuza fremu nisome.

Wewe yako ukigeuza, kuna nini nyuma?